Dodoso la darasa la lugha: yaliyotukuta Kigoma

Dada mleta uzi, umesema unasimamia darasa la jioni la Kiingereza kwa watu wazima hapo Tabora, mfadhili anataka tathmini, na unaomba mwenye dodoso la tayari akutumie ulichape. Ninalo. Sikutumii kwanza. Ngoja nieleze yaliyotukuta nalo, halafu ukiona bado unalitaka nifuate pembeni.

Niko kwenye kituo kidogo cha lugha Kigoma mjini, upande wa Mwanga. Darasa letu kubwa ni Kifaransa cha wafanyabiashara. Mtu wa Dar anaweza kushangaa, lakini huku Burundi na Kongo ni majirani wa kuvuka maji tu. Ukishuka Kibirizi asubuhi unakuta maboti yanapakia, na tangu Kongo nayo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 watu wengi zaidi waliona Kifaransa ni mtaji. Wanafunzi wetu ni akina mama wa dagaa, mawakala wa mizigo, vijana wa maboti, na manesi wawili watatu.

Dodoso la kwanza tulilitoa 2023, siku ya mwisho ya kozi. Maswali ishirini, kila moja lina 1 hadi 5, yaani "siridhiki kabisa" mpaka "naridhika sana". Nililigawa mwenyewe, nikasimama mbele, nikalikusanya mwenyewe. Juu kulikuwa na nafasi ya jina. Na kwa sababu mkuu wetu aliona itakuwa zoezi zuri, maswali yaliandikwa kwa Kifaransa.

Majibu yalikuwa tano, tano, tano. Kuna mama mmoja hata "una maoni gani ya ziada" aliijibu "5". Ripoti ikaandikwa, soda zikanywewa. Kozi iliyofuata walijiandikisha watu nusu ya wale wa mwanzo, na hakuna aliyejua sababu, kwa kuwa kwenye karatasi kila mtu alikuwa na furaha.

Kosa la kusimama pale ulishaliona. Huku kwetu mtu hawezi kumwandikia mwalimu "hufundishi vizuri" huku mwalimu anamtazama na jina lake liko juu. Ni adabu tu, haikuwa hila. Siku hizi anakusanya mwanafunzi mmoja waliyemchagua wenyewe, karatasi zinaingia kwenye boksi la sabuni lililofungwa kwa selotepu, na mwalimu yuko nje anakunywa chai. Jina hatuulizi.

Lugha nayo. Ukimuuliza mtu kuhusu darasa la Kifaransa kwa Kifaransa, unapima Kifaransa chake, hupimi darasa lako. Uliza kwa Kiswahili. Na hapa kuna mtego ambao madodoso ya kunakili yote yanao: maswali ya kukanusha. Wazungu wanapenda kuchanganya sentensi za kukubali na za kukataa ili mtu asijaze bila kusoma. Kwao linaweza kufaa. Kwetu ukimuuliza mtu, "Huelewi mwalimu anapoongea haraka?" akajibu "Ndiyo", anamaanisha ndiyo, sielewi. Mwingine anajibu "Ndiyo" akimaanisha naelewa, kwa sababu shuleni aliwahi kufundishwa utaratibu wa Kiingereza. Majibu mawili yanafanana, maana zinapingana, na huwezi kuyatenganisha tena. Tulilifuta swali hilo na wenzake wote. Andika "Ninaelewa mwalimu anapoongea haraka", basi.

Tulikuwa pia na swali hili: "Mwalimu anaeleza vizuri na vitabu vinatosha." Mwalimu wetu alikulia Bujumbura, Kifaransa chake ni maji. Vitabu vilikuwa vinne kwa darasa zima. Mtu ajibu nini hapo? Wengi walimpa mwalimu tano na vitabu vikapanda naye lifti. Kitu kimoja, swali moja.

Sasa nije kwenye lililotuuma zaidi.

Mwaka 2024 tukajirekebisha, tukasema safari hii hatusubiri mwisho, tunauliza katikati ili tupate nafasi ya kubadilisha. Kozi ilianza Juni, dodoso likatoka Julai. Swali mojawapo: "Muda wa darasa, saa kumi na moja jioni, unanifaa." Karibu wote walikubali. Tukaandika kwenye kumbukumbu: muda usiguswe.

Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti mwaka ule. Likafunguliwa. Ndani ya wiki chache safu nzima ya akina mama wa dagaa ikawa viti vitupu. Mwenzangu akasema wameshaipata hela, masomo wameyachoka. Nami nikaamini, Mungu anisamehe.

Ukiishi Kigoma unajua, ila sisi wa ofisini tulikuwa hatufikirii. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Maboti yanatia nanga alfajiri, mama ananunua, anaanika kutwa nzima. Jioni kabla umande haujashuka lazima aanue. Saa ngapi? Hiyo hiyo saa kumi na moja. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti samaki, wavuvi wanapumzika, na mama naye anapumua. Julai ziwa limefungwa hakukuwa na cha kuanua, ndiyo maana muda ulimfaa. Alijibu kweli tupu. Sisi ndio tuliouliza katika msimu usiofanana na maisha yake.

Tulipochukua daftari la mahudhurio la kozi zilizopita na kuliweka kando ya kalenda yenye mwezi, ilikuwa wazi kama mchana: siku za mbalamwezi darasa linajaa, siku za giza linapungua. Data tulikuwa nayo miaka yote, kwenye daftari la shilingi elfu mbili. Kwa hiyo kabla hujachapa hata swali moja, kaa na daftari la mahudhurio jioni moja. Litakuambia uulize nini. Na ukiuliza habari ya muda, usiulize "unakufaa?" Uliza, "Mwezi uliopita ulikosa vipindi vingapi, na mara ya mwisho ulikosa kwa sababu gani?" Jambo lililotokea mtu analikumbuka. Ukimuuliza hisia yake kwa jumla anakupa heshima.

La pili lililotufungua macho ni walioacha. Dodoso la mwisho wa kozi linajazwa na waliobaki, na waliobaki ni watu ambao darasa liliwafaa kiasi cha kubaki. Wenye dawa yako wameshaondoka. Mwaka 2025 tulichukua namba za walioacha tukawapigia, mmoja mmoja, dakika tano tu. Hakupiga mwalimu, alipiga binti wa mapokezi ambaye hawakumjua. Swali la kwanza lilikuwa, "Darasa la mwisho ulilohudhuria, tuambie lilikuwaje." Sio "kwa nini uliacha", maana hilo linasikika kama kesi.

Baadhi hawakupokea, wengine walidhani tunadai ada. Waliozungumza walitoa mambo ambayo hayakuwahi kuingia kwenye dodoso lolote. Kijana mmoja wa boti alisema aliacha baada ya kusomeshwa kwa sauti mbele ya wasichana, wakacheka. Wakala mmoja wa mizigo alisema, na hili nililinukuu kwenye daftari langu: "Mlinifundisha kumsalimia Mkongo na kumuuliza hali ya hewa. Mkongo mwenyewe tunaongea Kiswahili."

Na ni kweli! Mteja wa Kalemie au Uvira anakuja na Kiswahili chake cha Kongo, Buyenzi pale Bujumbura Kiswahili kimejaa mtaa mzima. Biashara inaongewa kwa Kiswahili. Kifaransa kiko kwenye karatasi: ankara, fomu za forodha, tangazo lililobandikwa ukutani bandarini, barua ya afisa. Sisi tulitumia miezi kufundisha mazungumzo ya mgahawani Paris. Hilo ni swali ambalo lilitakiwa kuulizwa kabla ya kozi kuanza: mara ya mwisho ulikwama kwa sababu hujui lugha hii, ulikuwa wapi, unafanya nini? Tulipoanza kulitumia wakati wa kujiandikisha, nusu ya silabasi ilibadilika yenyewe. Sasa wiki ya tatu watu wanasoma ankara.

Kwako Tabora ni Kiingereza, lakini nakushauri uulize hivyo hivyo. Huenda unayemfundisha hotuba anataka kumsaidia mtoto wake aliyeingia kidato cha kwanza na kukutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza. Mzazi huyo hahitaji "How do you do". Anahitaji kuelewa maneno ya kitabu cha baiolojia.

Kuhusu kupima kama wamejifunza: usiulize "Umeboreka kiasi gani?" Wazungu wa Ulaya wana utaratibu wao wa viwango, ule wa A1 mpaka C2 uliotoka 2001, na kilicho kizuri ndani yake ni sentensi za "naweza". Tumeziiga kwa namna yetu. "Naweza kusoma ankara ya Kifaransa nikajua bei, idadi na tarehe bila kusaidiwa." Mtu anajibu: siwezi, naweza kidogo, naweza.

Ila jihadhari. Mwanzoni mwa kozi watu hujipa alama nyingi, kwa sababu hawajui wasichokijua. Mwishoni wamekijua, wanajipa chache. Ukilinganisha karatasi mbili unaona darasa limewapumbaza. Tulilia siku hiyo, kweli. Tulichofanya baadaye ni kuuliza mwishoni safu mbili kwenye karatasi moja: "Kabla ya kozi ningeweza" na "Sasa naweza". Anatumia kipimo kimoja kwa nyakati zote mbili. Nayo ina udhaifu wake, mtu anaweza kujishusha ya zamani ili akufurahishe, ndiyo maana tunampa na ankara yenyewe aisome mbele ya mtu asiye mwalimu wake. Maneno yake na ankara vikigombana, tunaiamini ankara.

Mengine haraka haraka. Fomu ya mtandaoni ni rahisi kuhesabu, lakini wengi wetu wana kitochi, na wenye simu janja ndio vijana wa mjini, kwa hiyo ukitumia fomu peke yake unasikia kundi moja. Tunachanganya: karatasi, simu, na wachache fomu. Maswali yasizidi kumi na mawili. Jaribu kwanza kwa watu watano, wasome kwa sauti na wakueleze walivyoelewa. Sisi "rasilimali za kujifunzia" ilieleweka kuwa ada. Na namba za simu zitunze, zisizagae kwenye kundi la WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Wastani wa "4.37" sahau. Kipimo hiki cha ngazi tano kilianzishwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932, kina kazi yake, lakini kwa watu ishirini na wawili hizo desimali ni mapambo. Mwandikie mfadhili: "Kati ya 22, watu 9 walikosa zaidi ya vipindi vinne, na 7 kati yao wanafanya kazi ya dagaa." Atakuelewa kuliko grafu. Wetu alituelewa, na akakubali tuwe na vipindi viwili, cha saa nane mchana siku za mbalamwezi na cha saa moja usiku siku za giza. Mlinzi analalamika mpaka leo.

Kitu cha mwisho ambacho hatukukifanya mara mbili za mwanzo: kuwarudishia. Sasa tunabandika karatasi mlangoni, mlisema hivi, tumebadilisha hiki, hiki hatuwezi kwa sababu hii. Tulipobandika mara ya kwanza, dodoso lililofuata lilirudi na maandishi mpaka pembeni mwa ukurasa. Mengine matusi kidogo, lakini yanasomeka.

Kwa hiyo dada, kabla sijakutumia hilo langu, nijibu mawili. Wanafunzi wako wengi wanaishi kwa kazi gani: tumbaku, asali, ofisi, reli? Maana tumbaku nayo ina kalenda yake, na usije ukauliza wakati wa masoko kama mimi nilivyouliza ziwa likiwa limefungwa. Na je, namba za walioacha mwaka jana unazo bado?