Vinyago vya Chhau si vya mbao

Hapana kaka, si mbao. Umeuliza mchezaji anapigaje sarakasi na kinyago kikubwa vile: vinyago vya Chhau, ngoma ya jadi ya eneo la Purulia, India, ni vya karatasi. Mafundi wa kijiji cha Charida hufinyanga uso kwa udongo, hunyunyizia majivu laini ili karatasi isigande, kisha hubandika karatasi zilizolowa gundi, tabaka juu ya tabaka. Hufuata udongo na kitambaa, husuguliwa mpaka pua na nyusi zijitokeze, huanikwa juani, ndipo gamba hubanduliwa na kutobolewa macho. Ukubwa unaouona mwingi ni mapambo tu, shanga na manyoya. Halafu si Chhau zote zina vinyago: ya eneo la Mayurbhanj, hukohuko India, huchezwa uso wazi.