Mpiga picha chini ya goli

Yule binti mcheza mpira wa kikapu alikuwa anakwenda kufunga leiapu, ile ya kukimbia na kuruka karibu kabisa na goli. Alishampita beki wa mwisho, akaruka, mpira ukagonga ubao ukaingia. Macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya beki aliyekuwa anamkimbiza kwa nyuma, maana faulo nyingi za namna ile hutokea hapo. Alikotua sikuona, nilisikia tu. Alikuwa ametua juu ya begi la kamera, begi jeusi lililowekwa hatua moja nyuma ya mstari wa mwisho, na kifundo cha mguu kikapinda. Mwenye begi alikuwa amepiga goti pembeni yake, jicho kwenye kamera, na picha aliipata. Niliiona baadaye, nzuri kweli: miguu yote miwili iko hewani na begi linasubiri chini.

Ilikuwa mechi ya sekondari mbili hapa Dar, mwaka wangu wa tatu wa kuchezesha. Lile begi nilikuwa nimeliona tangu robo ya kwanza. Nikajisemea nitamwambia mpira ukisimama. Mpira ukasimama mara kumi na kitu, sikumwambia. Yule binti hakucheza tena msimu ule, na mama yake aliponiuliza kama begi sikuliona, nilimwambia ukweli kwamba niliona. Naandika haya kwa ajili ya marefa vijana mnaoanzia mechi za shule, ambako hakuna kamisaa, yaani msimamizi rasmi wa mechi, hakuna walinzi, na kila mwenye simu ni mwanahabari.

Mpiga picha si mtu mbaya, tuelewane hapo kwanza. Anachotaka ni sura ya mchezaji anayekuja golini, na sura hiyo huipati ukikaa jukwaani. Unaipata nyuma ya mstari wa mwisho, hatua tatu nne kutoka kwenye nguzo. Refa wa chini naye, yule anayetangulia golini timu inaposhambulia, anasimama wapi? Hapohapo. Kwa hiyo mnagombea kipande kimoja cha sakafu, na mmoja wenu anatembea akiwa anaangalia wachezaji na mwingine amefunga jicho moja.

Kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, zinataka kiwanja cha mita 28 kwa 15, na nje ya mistari pabaki mita 2 zisizo na kizuizi chochote, hata watu wa benchi wakae nje ya hizo mita 2. Kwenye viwanja vingi vya shule nilivyochezesha, mita hizo utazitafuta kwa tochi. Huku kuna mtaro, kule ukuta wa bweni, na nguzo ya goli yenyewe imesogelea mstari kiasi kwamba wameivisha godoro kuukuu lililofungwa kwa kamba. Ndiyo maana refa anayepiga kelele "kaeni mbali!" bila kuonyesha ni wapi simwelewi. Mbali wapi, mtaroni?

Wakubwa nao yanawakuta. Januari 1997, Minneapolis, Dennis Rodman wa Chicago Bulls alijikwaa kwa mpiga picha aliyekaa chini ya goli, akampiga teke, na NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ikamfungia mechi 11. Kwenye fainali za ligi hiyo za 2015 LeBron James alitoka nje ya mstari akaangukia kamera, akapasuka kichwani. Hayo yanatokea kwenye kumbi za mamilioni ya dola zenye utaratibu wa nani akae wapi. Sisi tuna chaki.

Chaki siitaji kama utani. Kipande kimoja kinakaa kwenye mfuko wa suruali yangu ya urefa kila mechi. Kwa kanuni, mamlaka ya refa yanaanza anapofika uwanjani dakika 20 kabla ya mechi, na mimi nikishakagua pete, nyavu na meza, dakika zinazobaki ni za wapiga picha. Ila siwaendei peke yangu. Naanza na mwalimu wa michezo wa shule mwenyeji.

"Shikamoo mwalimu. Wale wenye kamera ni wa kwenu?"

"Marahaba. Mmoja wa kwetu, kalipwa na wazazi wa kidato cha nne. Yule mwenye kofia simfahamu."

"Basi naomba twende wote ukanitambulishe."

Hapo kwenye "twende wote" usiparuke. Uwanja ni wa mwalimu, mgeni ni wake. Mimi nina mamlaka juu ya mchezo, lakini anayeweza kumwambia mtu aondoke kwenye eneo la shule, akaondoka bila kugombana na mtu, ni yeye. Mpiga picha akinisikia naongea huku mwalimu amesimama pembeni anatikisa kichwa kukubali, robo ya tatu nikimwangalia tu anajua.

Kisha namchorea mstari. Mkichezesha marefa wawili, refa wa chini hufanya kazi zaidi upande wa kulia wa goli ukiwa unalitazama kutoka katikati ya kiwanja, na mwenzake wa juu yuko upande wa kushoto, nyuma ya mchezo. Kona ya kushoto chini, basi, ina nafuu, na kona hiyo ndiyo yake, magoli yote mawili. Mkiwa watatu habari ni nyingine, kwa sababu refa wa chini anahama pande zote mbili kufuata mpira, na hapo mpiga picha namsogeza pembeni kabisa, karibu na makutano ya mistari. Atanung'unika. Mwache anung'unike.

Namwambia pia apige goti, asikae kitako, kwa sababu aliyekunja miguu chini hawezi kumkwepa mtoto wa kilo sabini anayekuja kwa kasi. Begi likae nyuma ya mgongo wake, na flashi iwe imezimwa. Halafu namalizia na kitu cha kumfaidi yeye: "Kaka, wale wenye jezi nyekundu wanashambulia goli hili nusu ya kwanza yote, baada ya mapumziko wanabadilisha. Mfungaji wao anapenda kuingilia huku kwako." Uso unabadilika palepale. Nimemwambia jambo ambalo mtu yeyote uwanjani angemwambia, lakini kwa kuwa limetoka kwa refa, siku hiyo nina rafiki chini ya goli.

Sikuyajua haya siku zote. Miaka michache nyuma nilichezesha mechi ya jioni, taa zimewashwa, na kijana mmoja akawa amejibanza chini ya goli anapiga flashi kila timu ngeni inapopata mitupo huru, ile ya bure baada ya faulo. Mtupaji wa kwanza alikosa yote miwili, wa pili akawa anafumba macho. Nikawa niko mbali, nikamnyooshea kidole mbele ya watu wote: "Wewe! Toka hapo!" Akanijibu bila hata kusimama, "Toka wewe, nani kakuleta?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kuanzia hapo kila nikipuliza filimbi kuna sauti jukwaani inauliza nani kakuleta. Mechi ilinishinda, nakiri. Video ilifika kwa mke wangu kabla mimi sijafika nyumbani.

Siku hizi nafanya hivi. Kwenye mtupo huru mpira hauanzi kuwa hai mpaka umefika mikononi mwa mtupaji, na anayeukabidhi ni refa. Basi siukabidhi. Nauweka kwapani, nakwenda taratibu kwa mwenye kamera, nainama nifike usawa wa sikio lake, namwambia kwa sauti ya chini: "Mdogo wangu, flashi. Ya pili namwita mwalimu." Narudi, natoa mpira. Watu jukwaani wanadhani nimemsalimia. Sekunde 5 za mtupaji hazijaanza kuhesabiwa, saa ya mchezo imesimama, hakuna aliyeumia wala kuaibika.

Akirudia, simamisha mchezo, mwite mwalimu, na wewe rudi katikati ya kiwanja ukasubiri. Usibaki pale kubishana. Refa mkuu ana uwezo wa kusimamisha mchezo hali ikidai hivyo, na hali kama hiyo inadai. Kitu ambacho nakuomba usifanye ni kumpa kocha faulo ya kiufundi, ile ya utovu wa adabu, kwa kosa la mpiga picha. Faulo hizo ni za wachezaji na watu wa benchi. Mwenye kamera hata akivaa fulana ya shule, kama hayumo kwenye benchi si mzigo wa kocha. Nimeona mwenzangu akifanya hivyo, na mabishano yalidumu kuliko robo yenyewe.

Mpira ukimgonga mpiga picha aliye nje ya mstari je? Umetoka. Ni sawa na kugusa ukuta, na unakwenda kwa timu ambayo haikuugusa mwisho. Kocha atasema "lakini ungerudi ndani!" Ungerudi, haukurudi.

Jambo ambalo kwenye mafunzo yangu halikugusiwa ni kuletewa picha za watazamaji kama ushahidi. Dakika ya mwisho, timu zimepishana pointi moja, kocha anakujia akiwa ameshika kamera ya mtu: "Refa, angalia mwenyewe, mguu ulikuwa nyuma ya mstari, ni pointi tatu ile!" Usiangalie. Hata jicho la pembeni usitupe, maana ukishaangalia picha moja, kocha wa pili anayo ya kwake kutoka upande mwingine. Kanuni zinaruhusu marudio ya video pale tu ambapo refa mkuu ameukubali mtambo kabla ya mechi, na kamera ya fundi wa harusi haimo. Jibu langu ni lilelile: "Mwalimu, hiyo ya kumbukumbu, tutaitazama wote baada ya mechi." Na baada ya mechi naitazama kweli. Mara mbili nilikuta nilikosea.

Wazazi ni wengine kabisa. Mama anayemrekodi mwanawe huwa hajui kwamba ameshaingia mguu mmoja kiwanjani, kwa sababu uwanja anauona kwenye kioo cha simu. Huyu haambiwi "toka". "Shikamoo mama, mwanao anakuja huku sasa hivi, naomba usogee asikuumize." Anasogea na anawasogeza wenzake.

Mechi za wasichana zina la ziada. Ukimwona mtu analala chini kabisa na kuelekeza kamera juu wachezaji wanaporuka, si lazima uwe na uhakika wa nia yake. Mwambie mwalimu wao wa kike, wakati huohuo, usingoje robo iishe. Yeye ndiye aliyekabidhiwa watoto wale na wazazi wao, na atajua la kufanya na picha zilizokwisha kupigwa.

Droni ndiyo sijaipatia dawa. Mwezi uliopita moja ilishuka juu ya pete robo ya nne, wachezaji wote kumi wakainua vichwa, mmoja akapigwa na pasi ya mwenzake shavuni. Nikasimamisha. Mwenye droni alikuwa nje ya ukuta wa shule, barabarani, na mlinzi alichukua dakika sita kumpata. Timu iliyokuwa imefunga pointi nane mfululizo ikapoa, ikafungwa kwa mbili. Kocha wao tumekutana juzi kwenye daladala ya Mbagala. Alinisalimia, akahamia kiti cha nyuma.