Rangi nyeusi ya mafuta: ipi uitumie, uiweke wapi, na kwa nini hupasuka

Ukiona nyeusi kwenye picha ya rangi za mafuta imepasuka, imepauka au imegeuka shimo linalomeza kila kilicho jirani yake, usikimbilie kulaumu mkono wa mchoraji. Mara nyingi kosa limeanzia kwenye tyubu aliyochagua na tabaka alipoiweka. Nyeusi ziko nyingi, zimetokana na vitu tofauti, na kila moja ina tabia yake ikishakutana na mafuta.

Tofauti hiyo ni ya kale kuliko turubai. Katika pango la Chauvet, Ufaransa, wachoraji walitumia mkaa wa kuni. Katika pango la Lascaux, nchi hiyohiyo, nyeusi ilitokana zaidi na madini ya manganizi. Mpaka leo familia kubwa ni hizo mbili: nyeusi za kaboni, yaani kitu kilichoungua, na nyeusi za madini.

Kwenye tyubu, jina kubwa la mbele halisaidii sana. Tafuta msimbo mdogo ulioandikwa pembeni au nyuma. PBk9 ni mifupa iliyochomwa mahali pasipo hewa. Hata tyubu inayouzwa kwa jina la pembe za ndovu, siku hizi ndani yake ni mifupa. PBk6 na PBk7 ni masizi. PBk8 ni mkaa wa mimea, hasa matawi ya mzabibu, ambao mchoraji Cennino Cennini wa Italia aliueleza zamani sana pamoja na mkaa wa maganda ya lozi, mbegu za pichi, na masizi ya taa ya mafuta ya kitani. PBk11 ni oksidi ya chuma inayotengenezwa kiwandani, maarufu kwa jina la nyeusi ya Mars. Kama tyubu haina msimbo, iache dukani.

Sasa tuje kwenye kukauka, maana hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka. Hunyonya oksijeni hewani, yakavimba kidogo, kisha yakaganda. Kaboni huchelewesha kazi hiyo, na juu ya hayo unga wake ni mwepesi na hunywa mafuta mengi kabla haujalainika vya kutosha kupakwa. Kwa hiyo nyeusi ya mifupa au ya masizi ina mambo mawili kwa pamoja: ina mafuta mengi na inakawia. Tabaka nene linaweza kukaa wiki nzima au zaidi likiwa bichi kwa ndani, huku juu limeshaota ngozi. Ukipaka juu yake rangi inayokauka haraka, ile ya juu itakuwa ngumu wakati ya chini bado inasogea. Ya juu itachanika tu, haina njia nyingine.

Mfano unaojulikana zaidi ni Mraba Mweusi, picha ya mchoraji Kazimir Malevich ya mwaka 1915. Aliupaka juu ya picha nyingine, na leo nyeusi ile imejaa nyufa zinazochungulisha rangi zilizo chini. Mwaka 2015 watafiti wa jumba la Tretyakov, Moscow, walieleza kwamba chini yake kuna michoro miwili. Zamani zaidi, katika karne ya 18, mchoraji Joshua Reynolds wa Uingereza alipenda kutumia lami kwenye vivuli kwa sababu ya ule weusi wake wa kahawia wenye kina. Lami haikauki kabisa, na picha zilizotumia lami nyingi zimejikunja na kupasuka kama ngozi ya mamba. Ukikuta mtu anakusifia lami kama siri ya wakongwe, mwache na siri yake.

Kanuni ya kufuata ni hii: nyeusi za kaboni zikae tabaka za juu, na kwenye tabaka za mwanzo ziwe nyembamba mno au zisiwepo. Kwa mchoro wa chini unaohitaji giza, tumia nyeusi ya Mars, ambayo hainywi mafuta mengi na hukauka mapema, au kahawia ya udongo iitwayo amba. Amba ina manganizi, na manganizi huharakisha mafuta kukauka; tabaka jembamba la amba hushika ndani ya siku moja au mbili. Kabla ya kuendelea, bonyeza ukucha kwenye ukingo wa turubai palipo na rangi nene zaidi. Ukiacha alama, subiri. Usijaribu palipo na rangi nyembamba, maana patakudanganya.

Kuna ushauri unaorudiwa sana kwamba mchoraji mzuri hagusi nyeusi ya tyubu. Umetokana na wachoraji wa Ufaransa wa nusu ya pili ya karne ya 19, akina Claude Monet, walioondoa nyeusi ili vivuli vyao vya nje viwe na buluu na zambarau. Kwa mwanga wa jua ule walikuwa na haki. Kuugeuza uwe sheria kwa picha zote ni kumnyima mwanafunzi chombo muhimu. Édouard Manet aliishi zama zilezile nao, na picha yake ya mchoraji mwenzake Berthe Morisot ya mwaka 1872, ile yenye maua ya urujuani, imesimama juu ya nyeusi: kofia, utepe na nguo vimeungana, na uso umewaka kwa sababu hiyo.

Uijue nyeusi yako kabla hujaiamini. Chukua sehemu moja ya nyeusi na sehemu kumi za nyeupe, changanya kwa kisu cha rangi mpaka isibaki mistari, kisha paka kipande kwenye kadi iliyopakwa tabaka la kutayarishia uso (primer). Fanya hivyo kwa kila tyubu, uzipange pamoja. Ya mzabibu na ya masizi zitatoa kijivu kinachoelekea buluu, ya Mars kitaelekea kahawia, na ya mifupa itakaa karibu na katikati. Utaona pia kwamba masizi yana nguvu ya kutisha: kiasi cha punje ya mchele huweza kuharibu rundo zima la rangi ya ngozi. Kwa kuchanganya, mifupa ni salama zaidi. Mchoraji Anders Zorn wa Sweden anajulikana kwa paleti, yaani seti ya rangi, ya nyeupe, oka ya manjano (rangi ya udongo), nyekundu ya vermilioni na nyeusi ya mifupa. Kando ya rangi zile za moto, kijivu cha nyeusi ile kinaonekana buluu, na nyeusi ikichanganywa na oka inatoa kijani cha majani makavu.

Ukitaka nyeusi yenye kina zaidi, itengeneze: sehemu mbili za buluu ya ultramarini kwa moja ya amba iliyochomwa, kisha uongeze buluu au kahawia kidogokidogo. Ili ujue imeelekea wapi, kwangua nukta yake na uchanganye na nyeupe pembeni. Machoni ikiwa nzito haitakuambia kitu. Mchanganyiko huu hukauka haraka kuliko mifupa.

Mwaka 1885 Vincent van Gogh alimwandikia mdogo wake Theo kwamba Frans Hals, mchoraji wa Uholanzi, ana nyeusi zisizopungua 27. Zinavyopatikana ni hivi. Nguo nyeusi isipakwe nyeusi mwanzoni. Anza na kijivu kizito cha katikati kwenye nguo yote. Weka mikunjo yenye giza kwa mchanganyiko wa ultramarini na amba. Sehemu zenye mwanga wa dirishani zipe kijivu cha buluu, zile zinazopokea mwanga unaorudi kutoka sakafuni zipe kahawia. Nyeusi tupu ya tyubu iwe ya mwisho, mipigo michache tu ya brashi pale kitambaa kinapojificha kabisa. Ukianza nayo, huna tena pa kushuka.

Baada ya siku kadhaa utaona mabaka yaliyopauka. Tabaka la chini limenyonya mafuta ya la juu, na uso uliobaki mkavu unatawanya mwanga, hivyo nyeusi inaonekana kijivu. Usiongeze rangi. Hakikisha picha imekauka kwa kugusa, changanya mafuta ya kitani na tapentaini nusu kwa nusu, paka kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, subiri dakika 10 hivi, kisha futa mpaka ubaki ung'avu tu. Kitambaa hicho usikikunje na kukitupa: mafuta ya kitani hupata joto yakikauka na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe. Kiloweke kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.

Amua mapema kama unataka nyeusi ing'ae au ifubae. Mchoraji wa Marekani Ad Reinhardt alipunguza mafuta kwenye rangi zake ili michoro yake ya miaka ya 1960 isirudishe mwanga hata kidogo. Nyuso zile zinashika alama ya kidole, na kuzisafisha ni kazi ngumu sana. Pierre Soulages wa Ufaransa, kuanzia 1979, alikwenda upande wa pili: nyeusi nene yenye mifereji na sehemu laini, mwanga ukifanya kazi ya rangi. Vantablack ya mwaka 2014, inayomeza asilimia 99.965 ya mwanga, si rangi ya brashi kabisa. Ni msitu wa mirija midogo mno ya kaboni ambao mguso mmoja unaulaza.

Wanaosaga rangi wenyewe wajue kwamba masizi hupaa kwa pumzi tu na hukataa maji. Vaa barakoa, funga madirisha, weka rundo kwenye kioo, lichimbe katikati, kisha dondoshea spiriti mpaka liwe tope. Fungua madirisha, acha spiriti ivuke karibu yote, ndipo uongeze mafuta kwa matone. Mwanzoni litaonekana kavu kupita kiasi. Endelea kusaga kabla ya kuongeza tone jingine, kwani masizi hulainika ghafla na mafuta yakizidi hayatoki.