Kwa wadogo zangu wa studio: sauti hiyo ni ya nani?

Wadogo zangu mnaoanza kushika mashine, nimesikiliza kazi mlizonitumia, na midundo yenu ni mizuri kuliko nilivyotarajia. Kiki inagonga panapostahili, bezi haimezi ala nyingine, na filta mnaifungua kwa subira ambayo kizazi chetu hakikuwa nayo. Tatizo linaanza ninapouliza sauti ya mwimbaji imetoka wapi, kwa sababu jibu ni lilelile kwa kila mmoja: “Nimeikata tu kwenye rekodi ya mtu, kaka, nani atajua?” Na kwa kuwa wengi wenu mnamtaja Bob Sinclar kama mtu mnayetaka kumfuata, nimeona niwaandikie kuhusu kazi ya miaka mingi ya dijei na prodyuza huyo katika hausi ya Ufaransa, yaani muziki wa dansi wa klabuni, maana mmechukua mluzi na gitaa vya nyimbo zake mkaacha yale yaliyomfanya aendelee kuitwa klabuni hadi leo.

1. Jina la kisanii ni chombo cha kazi. Mtu mwenyewe anaitwa Christophe Le Friant, amezaliwa mwaka 1969, na alianza upigaji wa santuri mjini Paris katika miaka ya 1980, akipenda fanki na hip hop. Kabla dunia haijamjua, alikuwa na majina kadhaa, na kila moja lilikuwa na kazi yake: The Mighty Bop kwa midundo ya taratibu yenye harufu ya hip hop, Reminiscence Quartet kwa jazi na miondoko ya Brazil, na Chris the French Kiss. Jina la Bob Sinclar lilikuja baadaye, kwa mzaha, kutoka kwa jasusi aliyechezwa na Jean-Paul Belmondo katika filamu Le Magnifique ya mwaka 1973, nalo ndilo alilolipa kazi ya kuchezesha watu. Ninyi mna majina matatu kabla ya wimbo wa kwanza, na yote mnayapachika kwenye mdundo uleule wa midundo 124 kwa dakika. Chagueni moja, basi.

2. Mwenye lebo hulala vizuri kuliko mwenye wimbo mmoja. Mwaka 1994 Le Friant na mwenzake Alain Hô, anayejulikana kama DJ Yellow, walianzisha Yellow Productions, lebo yaani kampuni ya kutoa rekodi, nayo haikuwa mlango wa kutolea nyimbo zao wenyewe tu. Albamu ya dijei Dimitri from Paris ya mwaka 1996, Sacrebleu, ilipitia hapo, na baadaye ukaja mradi wa Africanism, ambapo kina DJ Gregory na Martin Solveig walileta ngoma nzito zilizopigwa sana klabuni. Sitawaambia mfungue lebo kesho, kwa sababu nusu yenu hamjamaliza hata kulipia programu mnayotumia. Ninachotaka mkione ni kwamba mtu anayetoa kazi za wengine hujifunza mapema mikataba inasomwaje, na bado elimu hiyo haikumwokoa na jambo ninalotaka kulieleza sasa, ambalo naomba mlisome polepole.

3. Sauti ya mtu si gitaa. Mwaka 1998 Sinclar alitoa albamu ya Paradise, na ndani yake mlikuwa na Gym Tonic, wimbo alioutengeneza pamoja na Thomas Bangalter wa kundi la Daft Punk. Wenye kumbukumbu ya santuri za wakati ule wanajua ulivyokuwa: lupu ya bezi, yaani kipande kinachojirudia, inayokataa kukuachia, na juu yake mwanamke anayehesabu na kuamuru mwili upelekwe mbele na nyuma, kama mwalimu wa mazoezi. Na alikuwa mwalimu wa mazoezi kweli. Sauti ilikuwa ya Jane Fonda, mwigizaji wa Marekani, iliyokatwa kutoka kwenye rekodi yake ya mazoezi ya mwaka 1982.

Madijei waliushika wimbo huo kama mali ya kwao. Ulikuwa na kila kitu ambacho prodyuza huomba usiku: ndoano, yaani kipande kinachonasa sikio mara moja, ucheshi, na jina la mshirika ambalo kila duka la santuri lilikuwa likilitafuta. Kilichokosekana ni ruhusa. Fonda hakuitoa, na wimbo uliokuwa tayari umependwa ukashindwa kutoka kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake, kwa njia ya kawaida. Hebu fikirini hali hiyo: sakafu za dansi zinaudai, maduka yanaudai, nawe mwenyewe huwezi kuuza kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako.

Pengo lile halikukaa wazi. Kundi la Uingereza lililojiita Spacedust lilitengeneza toleo la kufanana nao, maneno ya mazoezi yakirekodiwa upya kwa sauti ya mtu mwingine, likaliita Gym and Tonic, na mwezi Oktoba 1998 toleo hilo likashika namba moja katika chati ya Uingereza. Mwenye wazo akabaki mtazamaji. Nikiwasimulia vijana habari hii hucheka, kisha mmoja huuliza kama basi dawa ni kurekodi upya tu. Nusu ya jibu ni ndiyo. Sampuli, yaani kipande ulichokata kwenye rekodi ya mtu, ina milango miwili: upo wa mwenye masta, yaani rekodi yenyewe, na upo wa mwenye utunzi, ambaye mara nyingi huwakilishwa na mchapishaji wake. Ukimleta mwimbaji mpya, huna haja na mlango wa kwanza tena, lakini wa pili bado umefungwa mpaka ubishe hodi.

Kuna jambo jingine ambalo mkataba hauonyeshi. Mwaka huohuo Bangalter, akiwa na Alan Braxe na Benjamin Diamond kwa jina la Stardust, alitoa Music Sounds Better with You, ambao gitaa lake lilikatwa kutoka Fate, wimbo wa Chaka Khan wa mwaka 1981. Wimbo huo ulizunguka dunia bila kukwama. Msanii mmoja, mwaka mmoja, ufundi uleule wa kukata na kurudia, na matokeo yakawa kinyume. Kwa maoni yangu, tofauti kubwa ni kwamba kipande cha gitaa ni muziki uliokwisha kuingia sokoni kama muziki, hata mwenye nacho anaweza kukipigia hesabu ya asilimia, ilhali Fonda alikuwa amejenga biashara nzima ya mazoezi juu ya sauti na mwili wake, na hakuwa na sababu ya kuona fahari sauti hiyo ikigeuzwa kichekesho cha klabu. Unapokata sauti ya mtu anayezungumza, unachukua sura yake. Ombeni kwanza, na mwombe mapema, kabla hamjaupenda wimbo wenu kiasi cha kushindwa kuutupa.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Kijana mmoja niliyemfundisha alikata sauti ya bibi mwimbaji wa zamani, wimbo ukaanza kupigwa redioni, kisha familia ikalalamika na wimbo ukaondolewa kila mahali. Alichoniambia ni kwamba angepiga simu ikiwa wimbo ungefanikiwa. Wimbo ulifanikiwa, na simu ikawa yao.

4. Mfuateni mwenye mali mpaka awe mwenzenu. Hapa Sinclar alionyesha kwamba alijifunza. Wimbo wake I Feel for You wa mwaka 2000 umejengwa juu ya Look for Love ya Cerrone, mpiga ngoma na mtunzi wa disko wa Ufaransa tangu miaka ya 1970, na mwaka 2001 ikatoka Cerrone by Bob Sinclar, miksi ya kazi za mzee huyo iliyobeba majina yote mawili. Mzee aliyekatwa akarudi kusikika kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipovuma. Wazee wa muziki wa dansi wapo, wanapokea simu, na wengi wangefurahi kuulizwa.

5. Leteni mwimbaji studioni. Love Generation ya mwaka 2005 ina sauti ya Gary Pine, aliyewahi kuimba na The Wailers, kundi la rege la Bob Marley, na World, Hold On ya mwaka 2006 ina Steve Edwards. Wote wawili wametajwa kwenye jalada. Kwa kuwa sauti ilikuwa safi na mwenyewe anajulikana, Love Generation uliweza kuunganishwa na Kombe la Dunia la 2006 nchini Ujerumani bila wanasheria kukesha. Mnaoudharau wimbo huo kwa kuwa ni wa watu wote, jaribuni kwanza kutunga mluzi mmoja ambao mtoto ataukumbuka.

6. Fikeni klabuni mapema, msipandishe sauti mpaka taa za mikisa ziwe nyekundu, na msipige wimbo mkubwa wa dijei anayepanda baada yenu.

7. Kazi ndefu hujengwa na nyimbo zinazoweza kufunguliwa tena. Mwaka 2011 Sinclar aliurudisha wimbo wa mwimbaji wa Italia Raffaella Carrà wa mwaka 1976, A far l'amore comincia tu, huku jina la Carrà likiwa limeandikwa wazi kando ya lake. Mwaka 2013 toleo hilo likasikika katika sherehe ya mwanzoni mwa filamu ya Kiitaliano La grande bellezza. Mwaka 2020, klabu zilipofungwa kwa ajili ya korona, alipiga seti nyumbani kwake kila siku na kuzirusha moja kwa moja mtandaoni, akiwa na zaidi ya miaka 50 na bila hata mtu mmoja mbele yake wa kumpigia makofi. Mwaka 2022 World, Hold On ilitolewa upya na FISHER, prodyuza wa Australia aliyekuwa kijana wimbo huo ulipotoka. Kazi ya namna hiyo hufanyika wakati kila mtu anajua masta iko kwa nani, utunzi ni wa nani na asilimia zimegawanywaje. Kwa hiyo mtakaponitumia nyimbo mwezi ujao, ambatanisheni karatasi yenye mambo hayo matatu, la sivyo sitabonyeza hata kitufe cha kusikiliza.