Maswali ya Wasomaji: Nini Humfanya Mtu Aanze Jeshi Jipya la Mezani?

Barua tatu tulizopokea zinahusu jambo moja, nalo ni ile hamu inayomshika mpenzi wa michezo ya vita ya mezani ya kuanza kukusanya jeshi jipya la vijisanamu. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, wachezaji wawili hupanga mezani vijisanamu walivyoviunganisha na kuvipaka rangi wenyewe, huvisogeza kwa kipimo cha futi, na huamua matokeo ya mapigano kwa kurusha dadu. Kijisanamu cha mtu kwa kawaida huwa na urefu wa milimita 28 hivi, na jeshi zima laweza kuwa na vijisanamu kumi au mia moja, kutegemea kanuni zinazotumika.

SWALI: Nina jeshi la Space Marines, askari wa anga za juu katika mchezo wa vita vya kubuniwa uitwao Warhammer 40,000, ambalo nusu yake bado haijapakwa rangi. Hata hivyo, kila nikishika brashi mawazo yangu yanakwenda kwa Tyranids, jeshi la viumbe wenye magamba katika mchezo huo huo, na nimeanza kuwawekea akiba. Rafiki zangu wananiambia kuwa hiyo ni tamaa tu. Ni nini hasa kinachomfanya mtu aanze jeshi jipya, na nitaitambuaje hamu ya kweli? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki zako wameharakisha kuhukumu. Wachezaji wengi unaowaona na jeshi moja kabatini wana jingine kichwani, na mara nyingi chanzo chake ni kitu kimoja kidogo walichokiona kwa macho. H. G. Wells, mwandishi wa Kiingereza aliyechapisha kanuni za vita vya askari wa kuchezea mwaka 1913, alieleza kwamba mchezo wake ulianza baada ya chakula cha mchana, mgeni wake mmoja alipochukua mzinga mdogo wa springi uliokuwa kati ya vitu vya kuchezea vya watoto, akamlenga askari wa bati na kumwangusha. Kanuni, ramani na mabishano vilifuata baadaye. Hali ni hiyo hiyo leo: mtu huona kijisanamu kimoja, labda mpanda farasi aliyegeuza shingo kutazama nyuma au mnyama aliyepanua taya, akajikuta anajiuliza wenzake wangekuwa na sura gani, na kabla hajajibu swali hilo amekwisha kuhesabu fedha.

Katika hali yako kuna sababu nyingine ambayo ni ya kibiashara kabisa. Watengenezaji wa mchezo huo, Games Workshop wa Nottingham, Uingereza, wamekuwa wakizindua kila toleo jipya la kanuni kwa sanduku kubwa lenye majeshi mawili yanayopingana. Mwaka 2017 Space Marines walitiwa sanduku moja na Death Guard, mwaka 2020 walitiwa na Necrons, na mwaka 2023 walitiwa na hao Tyranids wako. Anayenunua sanduku kwa ajili ya upande mmoja hubaki na upande wa pili mkononi, na vijisanamu vilivyokwisha kulipiwa vina namna yake ya kumwita mtu. Sioni aibu katika hilo, mradi tu mnunuzi ajue kwamba msukumo wa kwanza ulitoka dukani na kwamba bado hajauchagua mwenyewe.

Sababu ninayoiona kuwa dhaifu kuliko zote ni nguvu ya jeshi katika kanuni. Mtu husikia kwamba jeshi fulani linashinda kila shindano, akalinunua lote, pointi 2,000 za mchezo kamili (pointi ni thamani ambayo kanuni humpa kila kijisanamu au kikosi), na kuanza kuliunganisha kwa haraka. Lakini matoleo ya kanuni, kama miaka niliyoitaja inavyoonyesha, yamekuwa yakibadilishwa kila baada ya miaka mitatu, na kati ya toleo na toleo thamani za pointi hurekebishwa mara kwa mara. Anayepaka rangi polepole, kama wengi wetu wenye kazi na familia, humaliza kikosi chake cha mwisho wakati faida aliyoifuata imekwisha kuondolewa, na hapo hubaki na vijisanamu ambavyo hakuvipenda tangu mwanzo.

Kuna sababu ya nne ambayo watu huitaja mara chache, nayo nadhani ndiyo inayokusumbua wewe: mkono umechoka. Silaha za mwilini za Space Marine ni bapa na laini, na kila kosa la brashi huonekana. Ukingo wa bega usiponyooka, jicho huuona kwanza. Tyranid ana magamba, mikunjo na misuli, hivyo rangi nyepesi ya kivuli ukiimwagia hutiririka na kutuama yenyewe mabondeni, kisha brashi kavu ikipitishwa juu ya miinuko hutoa mwanga kwa dakika chache. Mtu aliyekaa miezi akinyoosha kingo za rangi ya buluu ana haki ya kutamani kazi ya namna hiyo, na akirudi kwa Space Marines baada ya kupumzika hukuta mkono umepata wepesi mpya.

Ili kuitambua hamu ya kweli, nakushauri upate kijisanamu kimoja tu cha Tyranid, kwa kununua au kubadilishana na mwenzako, ukipake rangi mpaka ukimalize pamoja na kitako chake, yaani kibao kidogo kinachokisimamisha, kisha ukiweke mahali unapokiona kila siku. Ukijikuta unataka kuirudia rangi ile ile kwenye kijisanamu cha pili, cha kumi na cha thelathini, anza. Ukijikuta umeridhika na hicho kimoja, basi umekidhi haja yako kwa gharama ndogo. Jiulize pia kama ungelipaka rangi jeshi hilo hata kama usingepata mtu wa kucheza naye, kwa sababu katika jiji letu la Dar es Salaam, ambako wachezaji si wengi na foleni ni ndefu, saa za kupaka rangi zitazidi saa za kucheza kwa mbali.

SWALI: Nimekuwa nikicheza na majeshi ya kubuniwa, lakini siku moja nikipita Posta nilisimama chini ya Sanamu ya Askari nikajiuliza kwa nini nisikusanye jeshi la historia yetu wenyewe. Nimevutiwa na Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Je, inawezekana, na je, ni heshima kuifanya vita ya mababu kuwa mchezo? (Msomaji, Mbezi)

JIBU: Barua yako imenifurahisha sana. Sanamu ile iliyozinduliwa mwaka 1927, askari akiinama mbele na singe yake imeelekezwa bandarini, ni darasa la bure kwa mpaka rangi: izunguke polepole utazame jinsi nguo inavyokunjamana kiunoni na mahali mwanga wa jua unapoangukia juu ya shaba, kwa maana huko ndiko utakakoweka rangi yako angavu. Historia huwaanzishia watu majeshi kuliko jambo jingine lolote, na tofauti yake na majeshi ya kubuniwa ni kwamba kila swali unalojiuliza kuhusu vazi au silaha lina jibu mahali fulani, na kulitafuta jibu hilo ni nusu ya starehe.

Jeshi la Mkwawa linawezekana, na vita vya kuanzia viko wazi. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jina ambalo wakazi wa Dar es Salaam hulitamka kila siku kwa sababu ya hospitali ya jeshi, Wahehe waliuvamia msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski ukiwa njiani, wakaushinda na kumuua kamanda mwenyewe. Mezani, mchezo huo ni wa kupendeza kwa sababu pande mbili hazilingani kwa lolote: mmoja ana msururu mrefu wa askari, wapagazi, punda na mizinga uliotandazwa kwenye njia nyembamba, na mwingine ana wapiganaji wenye mikuki na ngao waliojificha karibu sana. Anayecheza upande wa msafara hajui shambulio litatokea wapi, na anayecheza upande wa Wahehe anajua kwamba asipowafikia mapema, bunduki zitamaliza watu wake.

Sanduku lililoandikwa "Wahehe" usitegemee kulikuta dukani, kwa hiyo itabidi uazime kutoka vita vingine. Warlord Games, nao wa Nottingham, wana vijisanamu vya plastiki vya Wazulu wa vita ya 1879. Hivyo vinafaa zaidi kwa Wangoni, ambao asili yao ni kusini na ambao waliuvuka mto Zambezi mwaka 1835 wakielekea huku kwetu. Lakini Wahehe walijifunza mengi ya mapigano kwa majirani zao, hivyo kwa kubadilisha vichwa na kuwavika shuka zilizotengenezwa kwa karatasi laini iliyochovywa kwenye gundi nyeupe ya mbao utafika karibu. Kwa upande wa Wajerumani, kumbuka kwamba wengi wa askari wao wa miaka ile walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, pamoja na wengine waliotoka Msumbiji, kwa hiyo vijisanamu vya Perry Miniatures vya vita vya Sudan ni mahali pazuri pa kuanzia.

Naomba nikae kidogo kwenye rangi ya ngozi, kwa sababu hapo ndipo jeshi la Kiafrika hupendeza au huharibika. Maelekezo mengi ya kupaka rangi yameandikwa kwa ngozi nyeupe, na humwambia msomaji aongeze nyeupe kila anapotaka mwanga. Ukifanya hivyo juu ya ngozi nyeusi, mtu wako atapauka kana kwamba hajapaka mafuta tangu asubuhi. Anza na kahawia iliyokolea sana, uitie tone la buluu mahali pa kivuli, yaani chini ya kidevu, kwapani na nyuma ya magoti. Kisha panda kwa kahawia yenye wekundu, na mwanga wa mwisho uufanye kwa kahawia iliyochanganywa na rangi ya chungwa kidogo, ukiuweka kwenye paji la uso, ncha ya pua, mfupa wa shavu na vifundo vya vidole tu. Usiwapake wote rangi moja. Watazame abiria wenzako ndani ya mwendokasi asubuhi moja, utaona ni kahawia ngapi zimekaa kwenye kiti kimoja. Kitako nacho kifunike kwa mchanga laini, ukipake wekundu wa udongo wa Iringa, na hapo kijisanamu kitakuwa kimepata makazi yake.

Kuhusu heshima, naona swali lako lenyewe ni dalili njema. Watu walikufa katika vita vile, na fuvu la Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limehifadhiwa Kalenga, ambako wajukuu zake wangali wanalienzi. Anayekusanya jeshi hilo na ajifunze kwanza: aende Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, asome, na akipata nafasi afike Kalenga penyewe. Nami nasisitiza kwamba wapagazi wawekwe mezani. Wachezaji wengi huwaacha kwa kuwa hawapigani, ilhali misafara ile isingesogea bila wao, na mchezo wa Lugalo usiokuwa na mizigo iliyoanguka njiani hauelezi kilichotokea.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Mlimani. Hamu ninayo, fedha sina. Je, nisubiri mpaka nitakapoajiriwa? (Msomaji, Ubungo)

JIBU: La, usisubiri. Chagua kanuni zinazotumia watu wachache. Frostgrave, iliyochapishwa mwaka 2015, humtaka mchezaji awe na mchawi mmoja, mwanafunzi wake na askari, wote wasizidi kumi, na huruhusu vijisanamu vya mtengenezaji yeyote. Kama moyo wako uko kwenye majeshi makubwa, fikiria vijisanamu vya milimita 6, ambavyo kikosi kizima hukaa juu ya kitako kimoja na hupakwa rangi kwa jioni chache. Rangi nunua za akriliki, tano au sita za kuanzia, kwani nyekundu, njano, buluu, nyeupe, nyeusi na kahawia zikichanganywa vizuri zitakufikisha mbali. Rangi ya msingi ipake kwa brashi, tabaka jembamba mara mbili. Ile ya kopo la kupuliza husumbua kusafirishwa kwa ndege, na katika unyevu wa Dar, hasa wakati wa masika, hukauka ikiwa na chembechembe kama vumbi na kufunika sura ya kijisanamu.

Kabla ya yote hayo unaweza kuanza na karatasi. Chora au chapisha askari wako kwenye karatasi ya manila pale steshenari, mbele na nyuma, wakunje, wagundishe juu ya vizibo vya soda, kisha cheza na mwenzako wa chumbani mara kadhaa. Katika kucheza kutakuwa na kikosi kimoja ambacho utakuwa unakitazama kila zamu, hata kikiwa kimesimama nyuma bila kazi. Fedha ya kwanza utakayoipata, nunua hicho.