Kabla hujachapa dodoso, niambie kaya ni nini

Juzi nilikaa viti vya nyuma nikiwasikiliza wadogo zangu wa mastazi ya sosholojia wakitetea mapendekezo yao ya utafiti. Walikuwa wanane. Sita mada zao zilianza na "Mchango wa" zikaishia na "Mfano wa Jiji la Dodoma". Wa saba alikuwa na nadharia tatu na swali hana hata moja. Wa nane alitokwa machozi, na ndiye peke yake aliyekuwa ameshakanyaga kijijini. Nilitoka, nikanunua karanga, nikakaa kwenye kimbweta na kuanza kuandika.

1. Mada si swali. "Wanawake na kilimo cha zabibu Hombolo" ni mada. "Kwa nini mke anapalilia msimu mzima halafu pesa ya mauzo inapokelewa na mume?" hilo ni swali. Ukimwambia konda wa daladala akakubishia, umelipata.

2. Jua unahesabu nini. Hapa mnivumilie, maana kidonda hiki ni changu.

Nilikuwa natafiti nani anaamua kuhusu chakula cha akiba ndani ya kaya, vijiji viwili vya Chamwino. Dodoso langu lilikuwa na kurasa 11, nililipenda kama mtoto wa kwanza. Maana ya kaya niliichukua kama tunavyoizoea kwenye takwimu: watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Nikaiweka sura ya tatu, nikaisahau hukohuko. Wasaidizi wanne niliwafundisha nusu siku, hapa hapa mjini, chini ya feni. Majaribio ya dodoso sikufanya. Niliandika kwamba nimefanya. Ndiyo, niliandika.

Wasaidizi wawili walikuwa vijana wa Kigogo, nikawapa kijiji cha kwanza. Wawili wa mjini wakaenda cha pili. Wale wa kwanza waliuliza kwa Kigogo, na kwa Kigogo kaya ni boma zima: mzee, wake zake, watoto wa kiume waliooa, na zizi la ng'ombe katikati. Wale wa mjini waliuliza kwa Kiswahili na kuhesabu majiko. Mimi nilikuwa nyumba ya wageni nikipanga bajeti ya mafuta ya pikipiki.

Data ikaja. Kijiji kimoja kaya ina watu 14 kwa wastani, kingine watu 5. Mnadhani nilishtuka? Nilifurahi! Nikaandika kurasa nne kuhusu kusambaratika kwa familia pana, nikatia na nadharia ya usasa. Nilijiona mtu mzito. Msimamizi wangu alisoma kimya, akavua miwani, akauliza: "Hivi vijiji vimeachana kilomita ngapi?" Nikasema saba. Akarudia, taratibu: "Saba." Hakuongeza neno.

Nilirudi kwa aibu kwenye boma la kwanza kabisa kwenye orodha. Mzee hakuwepo. Mke wa pili alikuwa anapepeta uwele. Nikamwamkia, nikamweleza kilichonirudisha. Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Mwanangu, mlimwuliza mzee akiba ya chakula ni magunia mangapi. Mzee ataliona wapi ghala langu? Kila mwanamke hapa ana shamba lake na ghala lake." Swali langu zima la utafiti, nani anaamua, lilikuwa limekaa pale kwenye ungo, nami nilikuwa nimemwandika yule mama kama mstari mmoja chini ya "idadi ya wategemezi".

Nilianza upya. Kizio cha uchambuzi, yaani kile ninachokihesabu, kikawa jiko, si kaya. Swali likawa "jana usiku nani walikula chungu chako?" Dodoso likatafsiriwa Kigogo na mtu mmoja, likarudishwa Kiswahili na mwingine ambaye hakuliona la mwanzo, na hapo maswali sita yakafa. Mvua nayo ikawa imeshashika, watu wote wako shambani tangu alfajiri, kwa hiyo mahojiano yangu mengi niliyafanya nimeshika jembe. Ada ya mwaka wa nyongeza nililipa kwa mkopo wa shemeji, na mpaka leo kwenye harusi ananiita "Profesa wa Kaya".

3. Fomyula ya Yamane, ile ya kukokotoa uhoji watu wangapi, acheni kuiabudu. Ukiweka kosa la 0.05, chukua watu 3,085,625 wa Mkoa wa Dodoma kwa sensa ya 2022, jibu 400. Weka nchi nzima, jibu 400. Halafu mtu anapata 400 zake, anakwenda kuwachagua kwa makusudi sokoni Majengo! Hesabu ile inadai sampuli ya nasibu, yaani watu waliopatikana kwa bahati nasibu, si kwa kuwachagua. Kama unataka mahojiano ya kina na wajane 20, sema 20 na utetee 20.

4. Barua. Chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, kisha mwenyekiti wa kitongoji ambaye hukumwandikia na ndiye mwenye watu. Toa nakala nyingi. Ukifika, amkia kwanza. "Mbukwenyi" yako mbovu itafungua milango ambayo mhuri haujaifungua.

5. Kalenda ya chuo na kalenda ya Ugogo hazijuani. Huku msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Usipange kwenda fildi Januari na dodoso la saa mbili.

6. Wewe uliyelia: futa lengo la nne, hukulihitaji. Mengine yako yalikuwa mazuri kuliko ya wale waliokuwa wakitabasamu.

Jumamosi saa nne niko kimbweta kilekile. Nileteeni ukurasa mmoja kila mtu, si arobaini, na karanga mnunue ninyi.