Kikasha Chako Kiko Wilaya Gani? Ushauri kwa Wasakaji wa Dodoma

Vijana wanaoanza jiokeshingi hapa Dodoma wananiuliza sana swali hili: "Kaka, mbona takwimu zinanionyesha nina wilaya nne, na mimi nimeshaandika jina langu katika tano?" Nalipenda swali hilo. Anayeuliza hivyo ameanza kuitazama ramani ya nchi yake kwa makini, na anastahili jibu kamili.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mtu anaficha kikasha chenye daftari, anatangaza majiranukta yake (namba za latitudo na longitudo zinazoonyesha mahali) kwenye Geocaching.com, kisha wengine wanakitafuta kwa simu au kifaa cha GPS na kusaini. Kikasha cha kwanza kiliwekwa Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia.

Sasa, kikasha huhesabiwa katika eneo fulani kwa njia mbili. Ya kwanza ni tamko la mwenyewe: anapokisajili anachagua nchi, na pale panapokuwa na orodha, anachagua pia jimbo au mkoa. Ya pili ni hesabu. Tovuti za takwimu kama Project-GC hushuka mpaka ngazi ya kaunti au wilaya, ambayo mwenye kikasha hakuijaza popote. Nukta inachukuliwa na kuangaliwa imeangukia ndani ya mpaka upi kwenye ramani ya kidijitali. Kwa hiyo wilaya unayoiona kwenye takwimu zako ni jibu la ramani. Ramani ikiwa imepitwa na wakati, jibu nalo limepitwa.

Ndiyo maana namsihi kila mtu aweke daftari lake mwenyewe, hata la Excel, na safu ya kwanza kabisa iwe majiranukta. Majina ya maeneo yaje baadaye. Mipaka yetu imebadilika mno. Kiteto ilikuwa Arusha mpaka Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002. Mwaka 2012 ikaja mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe. Hapa jirani, Chemba imetoka Kondoa, Gairo imetoka Kilosa, Mkalama imetoka Iramba. Kikasha kilichopo kando ya barabara ya kwenda Kondoa kingeweza kubadilishiwa wilaya bila kusogezwa hata hatua moja. Ukiwa na nukta, unaipanga upya kwa jioni moja. Ukiwa na neno "Kondoa" peke yake, umekwama.

Je, cha zamani ukihesabu kwa mipaka ya siku ulipokipata, au ya leo? Wapo wanaotetea ya zamani, na nawaelewa. Mimi natumia ya leo kwa vyote, kwa sababu takwimu nataka nizilinganishe na za wenzangu, na hatuwezi kulinganisha kama kila mmoja ana ramani ya mwaka wake. Andika tu pembeni unatumia mipaka ya mwaka gani.

Linalowachanganya wengi zaidi ni wilaya na halmashauri. Mkoa wa Dodoma una wilaya 7: Dodoma, Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Halmashauri zake ni 8, maana Kondoa ina Halmashauri ya Mji na ya Wilaya. Singida ni hivyo hivyo, Itigi ni halmashauri ndani ya Wilaya ya Manyoni. Ramani moja imechorwa kwa wilaya, nyingine kwa halmashauri, na hapo ndipo hesabu za watu wawili waliosafiri pamoja zinapotofautiana. Chagua moja, usichanganye. Mimi nahesabu wilaya.

Halafu kuna majina yanayorudiwa. "Singida" inaweza kuwa mkoa, wilaya au manispaa. Kwa mikoa tumia misimbo ya kimataifa ya ISO 3166-2: Dodoma ni TZ-03, Singida TZ-23, Manyara TZ-26. Ukipanga jedwali kwa misimbo hiyo, mkoa hautajichanganya na mji wake.

Mpakani pana mambo yake. Bwawa la Mtera liko kwenye mpaka wa Dodoma na Iringa. Kikasha cha fumbo, yaani kile ambacho mahali pake halisi unapajua baada ya kutegua fumbo, kinaruhusiwa kuwa na nukta ya kutangaziwa iliyo mbali na kikasha chenyewe, mpaka kilomita 3 hivi, kwa hiyo nukta inaweza kuwa upande wa Dodoma na daftari ulilosaini likawa Iringa. Takwimu zitafuata nukta iliyotangazwa. Nami nahesabu hivyo, lakini naandika zote mbili. Pia usiiamini sana desimali: sehemu moja ya elfu ya dakika ya latitudo (dakika hapa ni sehemu ya sitini ya digrii) ni kama mita 1.85, wakati mstari wa mpaka kwenye ramani unaweza kuwa umekosea zaidi sana ya hapo. Ukiwa na shaka, muulize mwenyekiti wa kijiji. Yeye anajua anapeleka taarifa zake wilaya gani, na ukigundua mstari wa OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, umepinda, unaweza kujisajili na kupendekeza marekebisho kwa ushahidi.

Wanaojilinganisha na wageni, linganisheni ngazi na ngazi. Kaunti 47 za Kenya ziko moja kwa moja chini ya nchi, kama mikoa yetu 31. Kaunti za Marekani ziko chini ya majimbo na zinapita 3,000, na huko Louisiana nafasi hiyo inashikwa na parokia. Mmarekani mwenye kaunti 40 na Mkenya mwenye kaunti 40 hawajafanya safari inayofanana hata kidogo.

Na kwa wanaotaka kuficha kikasha ili wilaya isiyo na rangi ipate rangi kwenye ramani ya takwimu, inayopaka rangi wilaya ulizopata kikasha: nawaomba sana msiende kwenye miamba ya michoro ya Kolo. Ni Urithi wa Dunia tangu 2006, na miguu ya wasakaji haina kazi pale. Kondoa mjini kuna wenye maduka na nyumba za wageni wengi. Muombe mmoja ruhusa, mweleze mchezo, mwachie namba yako, kisha hakikisha nukta yako iko mita 161 au zaidi kutoka kikasha kingine kabla hujakisajili.